Mashua Iundwayo Mbali na Bahari

Asiyeijua bahari huenda asiiogope, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtazameni seremala wa Kitengela. Kazi yake siku zote ni milango, vitanda na makabati, na ng'ombe hupita mbele ya karakana yake. Huyo naye aweza kuletewa kazi ya kuunda mashua ndogo ya plaiwudi, kwa ajili ya jamaa avuaye nguru na jodari nje ya mwamba, upande wa Kilifi au Malindi. Majirani wa Kajiado watacheka, maana ziwa lao kubwa ni la Magadi, wala halina haja ya mashua ya uvuvi.

Lakini kazi yenyewe si ngeni. Zamani waundaji wa Lamu na visiwa vya Wabajuni walishona mitepe kwa kamba za makumbi ya nazi, pasipo misumari ya chuma. Katika mwaka 1963 Waingereza walitoa kimashua kiitwacho Mirror, ambacho mbao zake za plaiwudi hushonwa kwa waya wa shaba, kisha mishono hugandishwa kwa gundi na utepe wa nyuzi za kioo. Basi seremala ashonaye vivyo hivyo hakuacha sana desturi ya pwani.

Hata hivyo, mambo matatu yampasa kuyaangalia. Kwanza ni plaiwudi. Ile ya dari ni rahisi kwa bei, lakini gundi yake huachia ikilowana. Mwenye akili hukata kipande, akakichemsha kwa saa kadhaa, akakikausha. Kikibanduka, ubao ule na ubaki kuwa wa kabati. Pili ni kiungo. Ubao wa futi 8 kwa 4 hautoshi urefu wa mashua. Kwa hiyo ncha mbili huchongwa kimshazari, mara 8 ya unene wake, ndipo ziunganishwe. Ubao wa milimita 6 wataka mshazari wa milimita 48. Tatu ni vumbi. Hewa kavu ya Kitengela hukausha mbao vizuri, bali vumbi la barabarani likiingia katika gundi, mshono hudhoofika.

Mlango ukiharibika, mwenye nyumba hurudi kudai fedha yake. Mshono ukiachia nje ya mwamba wakati wa kusi, huenda asiwepo mtu wa kurudi kudai. Kwa hiyo fundi wa bara asione haya kusafiri zaidi ya kilomita 400 mpaka pwani, akamwulize mzee aliyezoea vyombo, kabla ya kukata ubao wa kwanza. Tena mashua iwe na vyumba vya hewa vilivyozibwa, ikaguliwe na wakuu wa bahari, na kila mvuvi avae koti la kuelea. Nauli ya safari hiyo ni ndogo mno mbele ya roho za watu.