Mtoto na Njia ya Ivuna

Mtoto akiuliza kila mara, "Tumefika?" wazazi wengi humkaripia. Mimi niliyekaa na watoto darasani miaka mingi, nasema swali hilo si utundu. Mtoto hana kipimo cha njia. Mpe kipimo, naye atatulia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kwetu Ivuna, bondeni Rukwa, bado. Wajukuu zangu huigawa njia hiyo. Mikumi huhesabu wanyama, Ruaha Mbuyuni mibuyu, Kitonga kona. Baada ya Makambako ni vitendawili, na anayeshindwa hutoa mji. Gari likisimama, washuke wakimbie. Mwenye kichefuchefu asisome, atazame mbali.

Hadithi kubwa huwekwa akiba mpaka jua liiname: tarehe 16 Desemba 1938 jiwe la gramu 705 hivi lilianguka Ivuna kutoka angani. Kundi zima la vimondo adimu likaitwa kwa jina letu. Hata mchanga ulioletwa mwaka 2020 na chombo cha Wajapani kutoka sayari ndogo ya Ryugu ulionekana kufanana nalo.

Ndugu msomaji, mtoto wa mjini anayeburutwa kijijini kwa makaripio huiona safari kama adhabu ya likizo. Sisi wazee tukishazikwa, nani atamlazimisha kuja? Atakuja kwa hiari, ikiwa njia ilimfurahisha.