Mtoto wa Nyoka

Jioni moja tulitoka Tororo, tunakofundisha Kiswahili, tukaenda Busia kumjulia hali ndugu yetu. Mwanawe alitusihi tufuatane naye hadi kibanda cha video, upande wa Uganda. Sisi si wapenzi wa picha za damu. Hata hivyo tuliketi kwenye benchi pamoja na vijana, sauti ya mfasiri ikifunika Kiingereza kwa Kiganda.

Filamu ilikuwa *Leatherface*, ya mwaka 2017, isimuliayo utoto wa muuaji wa msumeno wa injini ambaye ulimwengu ulimjua kwanza katika filamu ya Tobe Hooper ya mwaka 1974. Mwanzoni mtoto yuko mezani, siku ya kuzaliwa kwake. Jamaa zake wanamkabidhi msumeno, wakimtaka amwue mtu aliyefungwa kitini. Mtoto anasita. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Maskini, hana kosa huyu!" Mwenzake akamjibu, "Nyoka ni nyoka tu."

Neno hilo lilituchoma. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na mwanafunzi ambaye babake alifungwa kwa kuua. Siku moja alimpiga mwenzake kwa jiwe, nasi tukatamka mbele ya darasa zima: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Wanafunzi wakacheka. Kesho yake hakuja, wala hakurudi tena.

Wakati huo tulikuwa tukifundisha methali hiyo sambamba na "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", kana kwamba zasema jambo moja. La hasha! Ya pili yamtwika mzigo mlezi. Ya kwanza yamwondolea mlezi kila lawama, na kumhukumu mtoto kabla hajatenda.

Hapa kwetu Uganda tunao mfano usio wa sinema. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa Joseph Kony akiwa mtoto, njiani kwenda shule, katika miaka ya 1980. Alikua, akawa kamanda wao. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mjini The Hague, ilimtia hatiani kwa makosa 61, yakiwamo mauaji katika kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Mwezi Mei mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Majaji waliuzingatia utoto wake, wakamwepusha na kifungo cha maisha. Lakini hawakusema kwamba hana hatia, kwani waliouawa nao walikuwa na wazazi na watoto.

Hapo ndipo tulipoiona tofauti ya maneno mawili tuyafundishayo kila mwaka: sababu na udhuru. Utoto mchungu waweza kuwa sababu ya uovu pasipo kuwa udhuru wake. Filamu ile ilitupa sababu upesi upesi, kisha ikarudia kumwaga damu. Waliokufa hawakuulizwa neno.

Walimu wenzetu, tusizifundishe methali hizi bila kuzipambanisha. Na yule mwanafunzi, ambaye sasa ni mtu mzima, twasikia huvusha mizigo kwa baiskeli pale mpakani Busia. Jumamosi ijayo tutakwenda kumtafuta, tumwombe radhi.