SUV kwa familia ya Nyamagana: Panda nalo mlima wa kwenu kabla ya kulipa

Ukitaka kujua kwa nini magari ya juu yamejaa Mwanza, usianzie kwenye yadi za magari. Anzia Igogo. Nyumba zimepanda mlima katikati ya majabali, moja juu ya nyingine, na njia za kufika huko ni ngazi, vijia vya miguu na barabara chache zilizopangwa mawe. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwa kasi kuelekea ziwani na kuacha changarawe na makorongo. Mabatini na miinuko ya Isamilo nako habari ni hiyo hiyo.

Ndiyo maana mzazi wa Nyamagana akipata mkopo wa kazini au akiuza kiwanja, hesabu zake huishia kwenye RAV4, X-Trail, Forester au Harrier. IST iliyombeba miaka yote inaanza kuonekana ndogo, ya chini na isiyofaa kwa familia yenye watoto watatu na bibi anayeumwa magoti.

Wiki hii nimezunguka na swali hilo kutoka mjini kati hadi Buhongwa, kisha nikaenda Usagara na Kigongo. Kwa kuwa naandika habari za afya, nililiangalia kwa jicho la afya: gari hili litawalinda nani, na litamweka nani hatarini?

Mlimani, kimo kinasaidia

Tuanze na sifa zake. SUV ina nafasi kubwa kati ya ardhi na tumbo la gari. Kwenye barabara ya mawe, IST iliyojaza watu watano hukwaruza chini na kumlazimisha dereva kutafuta upenyo kila hatua. Gari la juu linapita, na shokapu na bampa hupona.

Kimo cha siti nacho ni nafuu kwa mwili. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, au mzee mwenye maumivu ya nyonga, huona ugumu kuinama na kuzama kwenye siti ya gari la chini. Siti iliyo usawa wa makalio humruhusu kukaa kwanza, kisha kuingiza miguu. Mzazi anayefunga mtoto kwenye kiti chake naye hapindi mgongo sana. Lakini kimo kikizidi, kama kwenye Land Cruiser, bibi huyo huyo atahitaji kusukumwa ili apande. Kwa hiyo mpeleke bibi akajaribu kukaa kabla hamjalipa.

Jambo ambalo kimo hakikupi ni ruhusa ya kukatiza mafuriko. Wakazi wa Mabatini wanaujua Mto Mirongo unavyogeuka mvua kubwa zikinyesha. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo, na yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, SUV zikiwemo. Magurudumu yote manne yakiwa yanavuta, hayasaidii kitu kama hayagusi ardhi. Mwenye gari la chini huogopa na kusubiri, wakati mwenye gari la juu hushawishika kujaribu.

Uani, kimo kinaficha

Nyumba nyingi za milimani hazina uzio wala eneo maalumu la kuegesha. Gari linalala pale pale watoto wanapochezea kombolela, na mama anapoanikia dagaa. Asubuhi baba anawasha gari, anarudi nyuma, na mtoto wa miaka miwili ametoka ndani kumuaga.

Hapa ndipo SUV inahitaji tahadhari kubwa kuliko gari dogo. Boneti ikiwa juu, mtoto aliyesimama karibu na bampa ya mbele haonekani. Kioo cha nyuma kikiwa juu, aliyechuchumaa nyuma ya gari naye haonekani.

Unaweza kupima mwenyewe kwa dakika tano. Weka ndoo ya lita 20 mbele ya gari, kaa kwenye siti ya dereva, na mwambie mwenzako aisogeze mbali kidogo kidogo mpaka uione. Hesabu hatua, kisha rudia upande wa nyuma. Umbali huo wote ndio eneo ambalo mtoto wako anaweza kuwepo nawe usijue. Kamera ya nyuma husaidia, lakini nyingi hufika hapa zikiwa na maandishi ya Kijapani au picha yenye ukungu, hivyo hakikisha inafanya kazi. Kanuni ya nyumbani iwe moja: gari halisogei mpaka mtu mzima mmoja awe amewashika au amewahesabu watoto wote.

Nje ya uwa kuna watoto wa wenzetu. Ukipita Barabara ya Kenyatta saa moja asubuhi, kuanzia Mkuyuni hadi Butimba, utakuta wanafunzi wakitembea pembezoni mwa lami huku bodaboda na daladala zikiwapita karibu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani huua takribani watu milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29, ajali ndizo chanzo kikuu cha vifo.

Umbo la gari lina mchango wake. Mwaka 2023, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima nchini Marekani, IIHS, ilichambua ajali karibu 18,000 zilizohusisha waenda kwa miguu. Magari yenye boneti ya zaidi ya sentimita 102 kutoka ardhini yalikuwa na uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kuua kuliko yale yenye boneti inayoteremka na isiyozidi sentimita 76. Sababu inaeleweka. Gari la chini humgonga mtu mzima miguuni, gari refu humpiga kiunoni na kifuani. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, kifuani kwa mtu mzima ni kichwani.

SUV zote si sawa. RAV4 ya zamani si Land Cruiser. Nenda na futi kamba upime.

Kenyatta hadi Buhongwa, mafuta yanaongea

Ukishafika lami, faida ya kimo inapungua na gharama inaanza. Chukua familia ya Buhongwa inayopeleka watoto shule na wazazi kazini mjini, kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,040. Tuseme gari dogo la cc 1300 linakwenda kilomita 13 kwa lita kwenye foleni na vilima, na SUV ya cc 2400 inakwenda kilomita 8. La kwanza litakunywa lita 80, la pili lita 130. Lita ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani shilingi milioni 1.8 kwa mwaka.

Bado hujaongeza tairi kubwa, bushi, na ushuru wa forodhani unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa na gari linavyokuwa na umri. Fedha hiyo inatoka mahali fulani. Katika familia nyingi inatoka kwenye ada, kwenye bima ya afya, au kwenye kununua tairi mpya mapema badala ya kusubiri zote ziishe. Tairi lililoisha kwenye mteremko wenye lami yenye maji ni hatari, liwe kwenye IST au Harrier.

Kigongo, mwendo umeongezeka

Zamani safari ya kwenda Sengerema na Geita ilikuwa na kituo cha lazima: foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, unavuka kilomita tatu juu ya ziwa kwa dakika chache. Watoto hubandika nyuso kwenye vioo kuangalia maji. Ni safari nzuri, na yote ni lami. Kwa kwenda kijijini upande huo, hoja ya kwamba huwezi kufika bila gari la juu imepungua nguvu.

Kilichobaki ni mwendo. SUV imeinuka, hivyo uzito wake uko juu. Dereva akikwepa mbuzi ghafla kwa mwendo mkubwa, hupinduka kwa urahisi kuliko gari la chini, hasa likiwa na magunia juu ya keria na watoto wawili wamekaa kwenye buti. Magari yenye mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti mtelezo, ambao Toyota huuita VSC, yamepunguza sana tatizo hilo. Ukiwasha swichi, angalia kama taa yenye picha ya gari na alama za kuteleza inawaka kisha inazima. Isipowaka kabisa, gari huenda halina mfumo huo, au taa imekatwa.

Wapo pia wanaoinua IST kwa kuweka vipande chini ya springi ili ipande mlima. Inapanda kweli, lakini unakuwa umehamisha uzito juu kwenye gari ambalo halikuundwa hivyo. Mwendo wake nao upungue.

Kinachomlinda mtoto zaidi

WHO inasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa aliye ndani ya gari kwa hadi nusu, na kiti maalumu cha mtoto hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71. Ukubwa wa gari hauzibi pengo hilo. Mtoto aliyepakatwa kwenye siti ya mbele ya Prado yuko hatarini kuliko aliyefungwa vizuri nyuma ya Passo. Kwa tofauti ile ya mafuta ya mwaka mmoja, unanunua kiti cha mtoto na chenji inabaki.

Kwa hiyo fungua milango ya nyuma. Mikanda mitatu ipo na inajifunga? Mingi huwa imefukiwa chini ya vitambaa vya siti. Je, kuna vyuma vya kufungia kiti cha mtoto kwenye maungio ya siti? Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Na kama gari ni la miaka ya 2000 hadi katikati ya 2010, tumia namba ya chesisi kuuliza kama liliitwa kurudishwa kwa ajili ya mifuko ya hewa ya Takata. Mifuko hiyo ya Kijapani huharibika zaidi kwenye joto na unyevu, na ikilipuka vibaya hurusha vipande vya chuma.

Kama nyumba yako iko juu ya barabara ya mawe Igogo na unashuka na mgonjwa usiku, SUV ndogo ya cc 2000 ina sababu ya kuwepo. Kama unaishi karibu na lami Mkolani au Igoma na shida yako ni watoto wengi, angalia Sienta, Wish au Noah. Zina siti nyingi na boneti fupi, na milango ya kuteleza ya Sienta na Noah ni rahisi kwa bibi.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kulipeleka nyumbani. Pakia familia yote, kila mtu na mkanda wake. Panda mlima wa kwenu, shuka nalo, liegeshe pale litakapolala. Halafu chukua ile ndoo.