La Paz, Mji Unaompangia Mgeni Mwendo

Uwanja wa ndege wa La Paz hauko La Paz. Uko El Alto, mji pacha ulio kwenye uwanda wa baridi, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ajue kwamba hapo ameshapita kituo cha Horombo, kilicho kwenye mita 3,720. Horombo hufikiwa kwa miguu, mwili ukizoea kidogo kidogo. Sisi tulishushwa na ndege. Mimi na mke wangu ni watu wa Tanga, tumezoea upepo wa bahari. Kabla hatujamaliza korido ya kwanza mioyo ilikuwa inadunda kama ngoma.

Mwenyeji wetu ni Mbolivia aliyewahi kufanya kazi Moshi miaka kadhaa, na Kiswahili chake hakijachuja. "Kaka, weka hilo begi chini," aliniambia hata kabla ya salamu. "Shemeji, karibu sana. Maneno baadaye, kwanza pumueni."

Garini akatupa masharti ambayo wenyeji humpa kila mgeni wa La Paz: kula kidogo, tembea taratibu, lala peke yako.

"Hilo la tatu wapeni wasio na ndoa," mke wangu akajibu.

Nyumba yao iko mtaa wa Sopocachi, mjini bondeni, ingawa bonde lenyewe lina mita zipatazo 3,600. Mama yake mwenyeji alitupokea na chai ya majani ya koka, ambayo huko ni kinywaji halali cha kila nyumba. Ladha yake ni ya majani makavu, chungu kidogo. Tulikunywa vichwa vikituuma, tukaelezwa mambo ya jikoni: hewa ni nyepesi, kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 88 hivi. Ukipika maharage kwa sufuria ya kawaida, utangoja mpaka usiku. Ndiyo maana presha kuka ilikuwa inapiga mluzi tangu asubuhi.

Chakula cha jioni kilikuwa supu ya karanga. Karanga husagwa zikiwa mbichi, zikapikwa taratibu na nyama na viazi, kisha juu yake huwekwa vipande vyembamba vya viazi vya kukaanga. Mke wangu alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Karanga asili yake ni Amerika Kusini, zikaja kwetu kwa meli za Wareno. Kumbe tulikuwa tumekaa mezani kwa wenyewe. Pembeni ya sahani palikuwa na vitu vidogo vyeusi, vimejikunja. Ni chuño, viazi vinavyotandazwa uwandani usiku vigande kwa baridi kali, mchana vikapigwa jua, kisha vikakanyagwa kwa miguu mitupu mpaka maji yatoke. Vikikauka hukaa miaka bila kuoza.

Kesho yake tulipelekwa kupanda teleferiko, vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, ambavyo tangu 2014 ni usafiri wa umma hapa kama daladala zilivyo kwetu. Laini Nyekundu ilitupitisha juu ya makaburi makuu ya mji: maziara yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa, kila moja na kidirisha cha kioo chenye maua. Abiria wenzetu, akina mama wenye sketi pana za marinda na kofia za duara, walikuwa wanapanda na mizigo yao kwenda gulio la El Alto. Mbele yetu ukasimama mlima Illimani, mita 6,438, barafu tupu kileleni.

Kutoka juu ndipo nilipouelewa mji. Kwingi duniani mwenye fedha hujenga mlimani apate mandhari. La Paz mwenye fedha hushuka bondeni kusini, kwenye joto na hewa nzito kidogo. Asiye nacho hupanda El Alto kwenye upepo. Mwenyeji alituonyesha pia uwanja wa Hernando Siles, akasimulia kwa furaha isiyofichika jinsi Bolivia ilivyoifunga Argentina ya Messi, kocha akiwa Maradona, mabao 6-1 mwaka 2009. "Walikuja bila kupumzika," alisema, kana kwamba anatuonya sisi.

Siku ya tatu niliamka kichwa chepesi. Mezani nikamtajia mwenyeji methali yetu, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alipomtafsiria mama yake, bibi yule alicheka, akaingia jikoni, akarudi na kikapu. Tukatumwa soko la Rodríguez, mtaa wa mteremko mkali, kununua viazi.

Palikuwa na viazi vya zambarau, vya njano, vyenye mabaka, virefu kama vidole. Muuzaji alipima, akapokea hela, mke wangu akaendelea kuuweka mkono wazi. Mama wa watu akamtazama, akatabasamu, akatupia vitatu vya nyongeza. Huko nyongeza ni haki ya mteja, na kuidai hakuhitaji Kihispania.