Kosa Lililokuwa Mezani Petu



Katika ofisi ya makatekista tunamofanyia kazi, hapa Baraka, ipo kompyuta moja ya mezani inayotumia umeme wa jua. Humo tunaandika majina ya wanaojiandaa kupokea Kipaimara. Juma moja kabla ya Baba Askofu kufika kutoka Uvira, kompyuta hiyo ilianza kufuta majina. Hatukugusa kitu, lakini herufi zilitoweka moja baada ya nyingine, kutoka mwisho kuelekea mwanzo, kana kwamba mtu asiyeonekana ameketi mahali petu. Tulipofungua kabrasha, skrini ilirudi yenyewe kwenye kabrasha lililotangulia. Tena kila ilipowashwa, mashine ililia pii-pii-pii kabla ya kuonyesha chochote.

Haikupita siku, neno likapatikana: virusi. Na penye virusi, tulidhani, sharti awepo aliyevileta. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa amechomeka flashi yake siku iliyotangulia ili achapishe nyimbo. Tulimwita, tukamwuliza mbele ya wenzake. Akasema hakufanya ubaya wowote. Hatukumpiga wala kumtukana. Tulimnyang'anya tu ufunguo wa ofisi, na hilo lilitosha. Juma lile lile alipanda milimani, akaenda kukaa kwa mjomba wake huko Fizi.

Fundi wa kwanza alifuta kila kitu akaweka Windows upya. Majina yaliendelea kufutika. Hapo tungalipaswa kujiuliza ni virusi gani hivi vinavyobaki ndani ya nyumba iliyobomolewa na kujengwa upya. Hatukujiuliza. Hasira yetu ilikwisha kupata mtu wake.

Fundi wa pili, mama mmoja anayetengeneza redio na simu sokoni, alianza kwa swali: "Mlio huu huanza wakati gani?" Tukajibu kwamba huanza kabla Windows haijaamka. "Basi, Mwalimu, ugonjwa haumo ndani ya Windows," akasema. Akachomoa printa, kipanya na kibodi, ile ambayo wengi wetu huku tunaiita klavie. Akawasha: kimya. Akarudisha printa: kimya. Akarudisha kipanya: kimya. Aliporudisha klavie na kuwasha tena, mashine ikalia. Hakuridhika bado. Aliichomeka klavie ile kwenye kompyuta ya jirani, nayo ikaanza kufuta maneno. Mashine yetu ilikuwa nzima bila klavie hiyo, na mashine nzima iliugua kwa sababu yake. Ushahidi ulikuwa umetimia pande zote mbili.

Kisha alitueleza. Kitufe kinapobonyezwa, klavie hupeleka ujumbe kwamba kidole kimeshuka. Kinapoachwa, hupeleka ujumbe mwingine kwamba kidole kimeinuka. Ujumbe wa pili usipofika, kompyuta huamini kwamba kidole bado kipo, na amri ile ile hurudiwa bila kikomo. Tundu la USB, ambalo aina yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1996, hupokea klavie, kipanya na printa kwa mlango mmoja. Chochote kinachojitambulisha kuwa klavie husadikiwa. Kompyuta haina njia ya kujua kama kilichobonyeza ni kidole cha mtu au ni uchafu. Kitufe chetu kilichonasa kilikuwa kile cha kufuta kwa kurudi nyuma.

Mama alifungua skrubu. Chini ya vitufe mlikuwa na karatasi nyembamba za plastiki, na juu yake utando wa kahawia unaonata. "Chai ya sukari," akasema, akatutazama.

Ndipo tulipokumbuka. Jioni ya kikao cha walimu, kikombe kilipinduka juu ya meza ile. Kikombe kilikuwa chetu, sisi tunaoandika maneno haya. Tulipangusa kwa leso, tukaona pamekauka, tusimwambie mtu.

Klavie nyingine ilipatikana siku iyo hiyo, na majina tuliyaandika upya kutoka kwenye daftari. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Tulipanda pikipiki hadi Fizi, tukamkuta kijana shambani kwa mjomba wake. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, niliwaambia siku ile kwamba sikufanya." Hatukuwa na jibu. Aliomba jambo moja tu: tuyaseme haya mbele ya wale wale walioyasikia ya kwanza. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya kwaya, tukasimulia habari ya kikombe. Baada ya majuma mawili alirejea kuimba. Ufunguo hakuutaka tena.

Vijana wetu, mashine ikianza vituko, chunguzeni kwanza vinaanza saa gani. Chomoeni vyote vya nje, mrudishe kimoja kimoja, na kile mnachokishuku mkijaribu mahali pengine. Kazi hiyo yote haikumchukua mama yule hata saa moja. Sisi tulihukumu kwa dakika chache, na waliofika asubuhi walikwisha kulisikia jina la kijana kabla ya jioni. Katika nchi yetu hii, ambamo watu wamepoteza mengi kwa ajili ya neno lisilochunguzwa, saa moja ya kuchomoa na kurudisha si ndefu. Na kabla hamjamtaja mtu, mwulizeni kwanza aliyeketi mezani mara ya mwisho, hata akiwa ni mwalimu wenu.