Mwanangu Unayekwenda Kufundisha

Mwanangu,

Nimesikia kwamba padri amekukabidhi kambi za wavuvi za ng'ambo ya Ziwa Tshangalele, na kwamba Kwaresima ikianza utakuwa ukivuka kwa mtumbwi kila Jumamosi kwenda kufundisha katekisimu. Nilifurahi, kisha nikakosa usingizi. Miguu yangu haifiki tena kanisani, Ekaristi naletewa nyumbani, na mtu wa umri wangu akiwa na neno la kusema haliweki kiporo. Kwa hiyo nimemwomba mdogo wako ashike kalamu, mimi niseme taratibu, naye aandike kama ninavyosema hata pale atakapoona mama anarudia.

Utajikwaa, hilo nalijua, na sikuandikii ili usijikwae. Waliokutangulia katika kazi hii walijikwaa wakiwa na nia njema kuliko yako. Nakuandikia ili siku hiyo ujue ni jiwe gani lililokuangusha, wala usidhani kwamba umepoteza mapendo yangu, maana hayo hukuyapata kwa kazi na hutayapoteza kwa kosa.

Uanze kwa kujua imani hii ilivyotufikia. Wabenedikto wa abasia ya Sint-Andries, karibu na Brugge huko Ubelgiji, waliingia Katanga mwaka 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu na akaliongoza kanisa la huku hadi kufa kwake mwaka 1958. Ukiitazama Mission yetu hapa Kapolowe unatazama jasho la watawa hao na la wazee wetu waliobeba matofali. Lakini sitakuficha upande wa pili: Serikali ya Wabelgiji, kampuni ya machimbo ya Union Minière na Kanisa walitembea bega kwa bega, na hadi mwaka 1954, elimu ya watoto wetu ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Mzazi aliyetaka mwanawe ajue kusoma aliujua mlango wa kubisha, na wengi tulibatizwa mlangoni hapo hapo. Majina yetu yakaandikwa katika vitabu, vitabu vikajaa, barua zikapelekwa Ulaya kusema kwamba Katanga inaongoka.

Bibi yangu alikuwa mmoja wa walioandikwa. Nilipomuuliza utotoni kwa nini aliingia dini ya wageni, hakunitajia mbingu wala moto. Alinisimulia habari ya sista mmoja aliyekaa naye sakafuni usiku kucha, mtoto wake akiungua na surua, sista asiyejua hata maneno kumi ya Kisanga, akimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji mpaka kulipopambazuka. Mtoto alifariki. Bibi akabatizwa baada ya msiba huo, na kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini mtu amfuate Mungu aliyeshindwa kumponyea mtoto. Sasa naelewa kwamba alimfuata kwa sababu ya yule aliyekaa naye. Mapadri wenye ndevu ndefu walihubiri miaka mingi mbele yake, na siku zote alikuwa akisahau waliyoyasema kabla hajafika nyumbani.

Kuna mzungu mmoja ambaye nataka umjue jina: Placide Tempels, Mfransisko, aliyefika Kongo mwaka 1933. Watu wa vyuo vikuu wanamkumbuka kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilichotoka mwaka 1945, nao wanabishana juu yake hadi leo, waache wabishane. Sisi wa kambi za machimbo tulimjua kwa jambo jingine. Alikiri mwenyewe kwamba miaka yake ya kwanza alikuja kama bwana mkubwa, mwenye majibu yote mkononi, akasema na kusema, na neno halikumwingia mtu. Mpaka alipochoka, akakaa, akawauliza watu wanatamani nini katika maisha yao. Wakamjibu: uzima, uzazi, mapendo. Akashangaa kukuta kwamba Injili aliyoibeba kutoka mbali ilikuwa inasubiriwa na njaa hizo tatu. Kutoka hapo, huko Musonoi, Kolwezi, ikazaliwa harakati ya Jamaa mwaka 1953, ikaenea kambi kwa kambi hadi Likasi, ambayo enzi hizo ilikuwa Jadotville, na hadi Lubumbashi. Mume na mke walifundishwa pamoja, wakatembelea mume na mke wenzao, wakasikilizana jioni nzima kwa Kiswahili chetu hiki cha kambini ambacho watu wa pwani wanakicheka. Mimi na marehemu baba yako tulipita huko tukiwa vijana. Nilimwona mwanamume aliyekuwa akimpiga mkewe akijifunza kumuuliza, mbele yetu, usiku wake ulikuwaje.

Sikuambii kwamba Jamaa ilikuwa mbingu. Vikundi vingine vilipotoka, vikajifungia na siri zao, na maaskofu wakalazimika kukaza kamba miaka ya 1970. Mapendo yasiyochungwa nayo huoza. Lakini usije ukamdharau mtu aliyethubutu kuuliza kabla ya kufundisha. Utakapofika kambini, kaa kwanza. Utawaona wanavua kwa vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya mbu, na ulimi utakuwasha kuwakaripia. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Uliza bei ya wavu halali, uliza nani anawakopesha na kwa riba gani, uliza mtoto yule mwenye tumbo kubwa analala wapi. Hayo nayo ni katekisimu, tena ndiyo sura yake ya kwanza.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Baba yako alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya machimbo, tukaishi Panda, Likasi, mpaka mwaka 2003 walipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 nasi tukarudi huku ziwani. Mwaka 1992 wewe hukuwa umezaliwa. Likasi wakati ule ilijaa makanisa, na makanisa yalijaa watu. Kwaya zetu zilisifika, Pasaka tulibatiza hadi maji yakaisha pipani. Ndipo wakubwa wa siasa wakatuambia kwamba jirani zetu wenye asili ya Kasaï, ambao baba zao waliletwa na Union Minière kuchimba shaba, na ambao wengi wao walizaliwa hapa na hawakuwahi kuiona Kasaï, ni wageni wanaotula. Mwezi Agosti Tshisekedi, mtu wa Kasaï, alichaguliwa waziri mkuu kule Kinshasa, na mwezi Septemba moto ukawaka Likasi. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia kituo cha treni na majengo ya shule, wakalala humo miezi na miezi wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Mwene-Ditu na mbele zaidi. Kipindupindu na surua viliwakuta hapo hapo. Walizikwa watoto wengi.

Mwanangu, waliofukuza walikuwa wamebatizwa, na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wamepokea kipaimara siku moja, kwa mkono wa askofu mmoja. Katika shirika letu la mtaa, wale watu wachache waliosali rozari nyumba kwa nyumba kila wiki, familia tatu zilikuwa za Kasaï, na juma lililofuata viti vyao vilikuwa vitupu na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Tulikuwa na kila kitu ambacho misheni inaweza kuhesabu: shule, hospitali, mapadri wazalendo, vitabu vya ubatizo vilivyofika darini. Siku ya kupimwa, yote hayo hayakumzuia Mkatoliki kuubomoa mlango wa Mkatoliki. Nimelifikiri jambo hili zaidi ya miaka 30, nami nasema bila kuogopa: palipojengwa bila mapendo hapakuwa pamejengwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo hilo hilo, na sisi tulilisoma kwenye harusi tukadhani linahusu maarusi.

Lakini alikuwapo mama mmoja wa shirika letu, wa kabila la Wasanga, mjane, asiyejua kusoma. Kila siku adhuhuri alijitwika sufuria ya bukari na sombe akaenda kituoni, mchana kweupe, akipita mbele ya vijana waliomwita msaliti na kumtemea mate. Hakuchagua siku ya utulivu. Hakwenda usiku kama wengine waliokuwa na huruma yenye hofu, ingawa hao nao siwadharau, kwa maana chakula cha usiku hushibisha vilevile. Walipomwomba aongoze sala alisema mikono yake inanuka samaki, wasali wao yeye ataitikia. Hakubatizwa mtu hata mmoja kwa sufuria ile. Hakuna ripoti iliyomtaja. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Unga wenyewe aliukopa, na deni alililipa kidogo kidogo mwaka mzima. Nikiulizwa nani alihubiri Injili Likasi mwaka ule, nina jina moja la kutaja, nalo ni lake, nami nimelificha hapa kwa kuwa alichukia sana kusifiwa.

Nakuandikia haya kwa sababu mambo yanarudi. Miaka hii treni na malori yanashusha tena vijana kutoka Kasaï, wanaendesha pikipiki Likasi na Lubumbashi, wanalala kumi chumba kimoja, na maneno yale yale ya mwaka 1992 nayasikia sokoni, safari hii vinywani mwa watoto wasiojua yaliishia wapi. Wengine wataufikia hata mwambao wako wakitafuta kazi ya kuvuta nyavu. Siku watakayokuambia kambini kwamba katekista asiwaandike hao, hapo ndipo kazi yako itakuwa imeanza. Yote ya kabla yake ni matayarisho. Yesu alipoulizwa jirani ni nani alitoa mfano wa Msamaria, yaani mtu ambaye wasikilizaji wake wasingemkaribisha mezani. Ukiusimulia mfano huo Tshangalele, usiseme Msamaria ukaishia hapo. Watajie kabila wanalolichukia.

Tena usidhani huruma ni upole tu. Ziwa lenyewe lilitokea walipoufunga mto Lufira kule Mwadingusha, mtambo wa umeme ukaanza mwaka 1930 ili shaba iyeyushwe, na maji yanayoshuka kutoka viwanda vya Likasi yamebeba uchafu wa madini humu ziwani kwa miaka na miaka. Mvuvi akikuambia samaki wamepungua, usimjibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali ni njema, ila haimfai mtu ambaye mwingine ndiye anayemlia mbivu zake. Mwaka 1976 askofu mkuu Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua ya kichungaji aliyoiita “Mimi ni mtu”, akaishutumu rushwa iliyokuwa inawatafuna wananchi, na huo ulikuwa wakati wa Mobutu, wakati ambapo maaskofu wengine walipima kila neno. Na yule kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui, alikuwa na miaka 26 alipouawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa hongo ya kupitisha chakula kilichooza kiwafikie walaji. Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri. Alikuwa akiwapenda watoto wa mitaani, akawalipia shule. Kwake, kumpenda mtu na kukataa kumlisha sumu vilikuwa jambo moja. Sikutakii kifo chake. Nakutakia shingo yake.

Kuna jambo dogo nisilisahau. Makanisa ya uamsho yatakuwa na vipaza sauti, wewe hutakuwa navyo, na utatamani kushindana nao. Usishindane, wala usiwaseme vibaya. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nao hukaa na wagonjwa wao usiku zaidi kuliko baadhi yetu. Jifunze kwao hilo. Na anayehama kutoka kwako kwenda kwao usimfutie salamu. Mtu akirudi baada ya miaka mitano akakuta bado unalijua jina la mtoto wake, hutahitaji kumhubiria sana.

Najua siku zitakuja utakapochoka nao. Watakudanganya, watakuja siku ya kugawiwa unga na kukosekana siku ya mafundisho, na mmoja uliyempenda zaidi atakuibia. Ukasirike, kasirika kabisa, kisha lala. Asubuhi uvuke tena. Baba yako alinivumilia mimi kwa miaka mingi kuliko utakayowavumilia wao, na alifanya hivyo akiimba.

Mdogo wako ananiambia karatasi inaisha. Basi Jumamosi kabla hujapanda mtumbwi, pitia nyumba ya mwisho upande wa gati, kwa yule mzee kipofu anayeishi na mjukuu. Si Mkatoliki, wala usimuulize dini yake. Mpelekee kile kigunia cha unga kilichoko nyuma ya mlango wangu, na chumvi, na umwambie nimeuliza kama dawa za macho zilipatikana hospitalini. Kisha uniletee jibu lake.