Madoadoa na Masikio ya Mashine

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walinena wahenga. Methali hii haihitaji ufafanuzi katika mtaa wa Rhonda, magharibi mwa Nakuru, jirani na Kaptembwo na Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Humo Waluhya, Wakisii, Wakikuyu, Wajaluo na Wakalenjin hupanga vyumba katika ploti moja na kuanika nguo kwenye kamba moja. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kiswahili hichohicho kimewahi kutumiwa kuwatenganisha.

Chukua neno "madoadoa". Katika kamusi ni alama ndogondogo za rangi tofauti, kama zile za chui au kanga. Katika Bonde la Ufa, tangu mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, neno hilo limebeba maana nyingine: watu wa jamii "za kuja" wanaotakiwa kuondolewa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipofika Nakuru mwishoni mwa Januari 2008, mitaa ya wanyonge iliumia. Jumbe fupi za uchochezi zilienea kwa simu za rununu, na Tume ya Waki ilikuja kuhesabu vifo 1,133 kote nchini. Aliyejifungia chumbani siku hizo akilisikia neno "madoadoa", hukumbuka kwanza mlango wake, si chui.

Je, mashine nayo hukumbuka nini? Siku hizi akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba na wengine akili unde, husifiwa kwamba inaelewa Kiswahili. Sifa nyingine ni za haki. Hutafsiri barua kwa dakika moja, na humsomea matini asiyeona. Hata hivyo, neno "kuelewa" lafaa kupimwa. Programu hizi hupitia matini nyingi mno, kisha hukadiria neno lipi huelekea kufuata lipi. Kiswahili zinachokikuta kwa wingi mtandaoni ni cha magazeti, vitabu vya dini na kamusi elezo. Kile kinachosemwa kibarazani Rhonda hakijaandikwa popote.

Yamkini programu ya leo ikiulizwa maana ya "madoadoa" itazitaja zote mbili. Ugumu hauko katika kuorodhesha maana. Uko katika kujua ni ipi iliyokusudiwa, na nani, mbele ya nani, katika wiki gani. Muuza maharagwe sokoni hana hatia akiyasifu maharagwe yake yenye madoadoa. Mwanasiasa akilitamka neno lilo hilo jukwaani wiki ya uchaguzi, wapangaji hutazamana. Wanaisimu huliita jambo hili pragmatiki. Wakazi wa Rhonda huliita kujua mtu anasema nini.

Mwezi wa Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya hatari, "madoadoa" na "kwekwe" yakiwemo. Orodha yenyewe ilizua ubishi, maana kwekwe shambani ni kwekwe tu. Julai mwaka huohuo, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliwasilisha kwa Facebook matangazo ya majaribio yenye chuki za kikabila, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Utaratibu wa kampuni hiyo wa kukagua matangazo hutegemea zaidi mitambo. Ya Kiswahili yaliidhinishwa. Ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni kwa kukiuka kanuni za sarufi na lugha chafu. Yaliposahihishwa kidogo, nayo yakapita. Watafiti waliyaondoa kabla hayajaonyeshwa kwa umma. Mwalimu yeyote wa lugha atashangaa: kosa la sarufi lilionekana, wito wa kumwaga damu ukapita!

Fauka ya hayo, pale mashine inapotambua uovu, mara nyingi kuna binadamu aliyeifundisha. Jarida la Time lilifichua Januari 2023 kwamba Wakenya walioajiriwa na kampuni ya Sama jijini Nairobi waliisomea OpenAI matini za kuchukiza mno ili programu ijifunze kuzitambua. Walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook Nairobi nao walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kesi zao zaweza kusikizwa Kenya. Akili ni bandia. Jasho ni la kweli.

Haya si kusema kwamba teknolojia itupwe. Panga halikatazwi shambani kwa kuwa liliwahi kutumiwa vitani, lakini hakuna amwachiaye mtoto asiyejua kiungo na kuni. Mashine haina jirani. Ikikosea neno leo, kesho haitakutana bombani na iliyemjeruhi. Mkazi wa Rhonda atakutana naye, ndiyo maana huupima ulimi wake. Maadamu hali ni hiyo, uamuzi wa neno lipi ni salama na lipi ni moto haufai kuachiwa mtambo peke yake, wala mtu aliye ng'ambo asiyeijua lugha. Ni kazi ya wenye lugha, na wanaokisomea Kiswahili vyuoni ni miongoni mwao. Waanze kwa kwenda barazani kusikiliza.